Simu moja, watumiaji wanne: kupanga akaunti, vizuizi na ruhusa kwenye Android ya familia

Vizuizi vya Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, hufuata akaunti, havifuati simu. Mzazi anaiweka kwenye simu yake, anampangia mtoto saa moja kwa siku, halafu mtoto anatazama video hadi saa sita usiku. Family Link haijaharibika. Simu aliyoishika mtoto imefunguliwa kwa akaunti ya shangazi yake, au kwa ile Gmail ambayo kijana wa dukani aliibuni siku simu iliponunuliwa. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye akaunti. Ukiruka hatua hiyo, kila utakachopanga baadaye kitakuwa kazi bure.

Majina ya menyu yaliyotumika hapa ni ya simu iliyowekwa lugha ya Kiswahili. Yanaweza kutofautiana kidogo kati ya Samsung, Tecno, Infinix, Xiaomi na nyingine. Usipoiona menyu mahali ilipotajwa, fungua Mipangilio, gusa alama ya kutafuta juu, uandike neno lenyewe, kwa mfano "ruhusa" au "watumiaji". Njia hiyo ni ya haraka kuliko kupekua menyu moja moja.

Kwanza: akaunti gani imo ndani ya simu?

Fungua Play Store, gusa picha ya wasifu upande wa juu kulia, usome anwani ya barua pepe. Gusa mshale ulio kando ya jina uone kama kuna akaunti nyingine. Kisha nenda Mipangilio, sehemu ya Nenosiri na akaunti, uhakikishe orodha ni ileile.

Ukikuta anwani usiyoijua, au unayoijua lakini nenosiri lake hulijui, shughulikia hilo kabla ya jambo jingine lolote. Mwenye nenosiri la akaunti hiyo anaweza kusoma namba ulizohifadhi humo, kuona picha zilizopakiwa, kujua simu iko wapi, hata kuifunga au kuifuta akiwa mbali. Si lazima kijana wa dukani awe mwizi. Inatosha kwamba nenosiri limeandikwa kwenye daftari la duka.

Ondoa akaunti hiyo kwa mpangilio huu:

1. Ongeza akaunti yako mwenyewe kwenye simu, na hakikisha ina namba yako ya simu ya kurejeshea akaunti. Nenosiri liandike mahali unapoweka vyeti vya nyumbani.
2. Fungua programu ya Anwani, hamisha namba zote kwenye faili, kisha ziingize kwenye akaunti mpya. Namba zilizohifadhiwa kwenye akaunti ya zamani hutoweka kwenye simu akaunti ikiondolewa.
3. Ndani ya WhatsApp nenda Mipangilio, Gumzo, Hifadhi nakala, ubadilishe akaunti ya Google inayopokea nakala, kisha uhifadhi nakala mpya. Wengi husahau hatua hii, halafu wakibadilisha simu wanakuta mazungumzo yote yamebaki kwenye akaunti wasiyoweza kuifungua.
4. Sasa ndipo uondoe akaunti ya zamani.

Usianze kwa kuirejesha simu katika hali iliyotoka nayo kiwandani ukidhani ndiyo njia ya mkato. Android ina kinga dhidi ya wizi: simu ikifutwa kwa vitufe vya pembeni huku akaunti ikiwa bado imo, ikiwaka itadai akaunti ileile ya mwisho. Usipoijua, umejifungia nje ya simu yako mwenyewe.

Pili: simu ni ya mtoto, au ni ya wote?

Mtoto mwenye simu yake anahitaji Family Link. Simu ya mama ambayo watoto huchukua jioni inahitaji mpango mwingine kabisa, na kuilazimisha Family Link humo ni kujitafutia taabu. Akaunti ya mtoto wa chini ya miaka 13 haikai kirahisi pamoja na akaunti nyingine: unapoiingiza kwenye simu, utatakiwa uondoe zilizomo. Mama ataishia kutumia simu yenye vizuizi vya mtoto wa darasa la tatu.

Simu ya mtoto mwenyewe

Simu ya mtoto iwe na Android 7.0 au zaidi. Ya mzazi inaweza kuwa Android au iPhone, lakini Family Link haisimamii iPhone ya mtoto. Andaa bando au Wi-Fi kwenye simu zote mbili, na uzichaji kwanza. Kuzimika katikati ya usajili ni kero kubwa.

Anza kwenye simu ya mzazi. Weka Family Link, ingia kwa akaunti yako, na utakuwa msimamizi wa kundi la familia. Kundi hubeba watu sita, wewe ukiwemo. Wote wanatakiwa kuwa wanaishi nchi moja na msimamizi. Jambo hili linazigusa familia nyingi: baba yuko Muscat au Doha, watoto wako Mombasa au Tanga kwa bibi. Hapo msimamizi awe yule anayekaa na watoto, hata kama simu imenunuliwa na aliye ng'ambo. Ndiye atakayeombwa idhini saa kumi jioni mtoto akitaka programu, na ndiye anayejua kama kazi za shule zimeisha.

Kisha fungua akaunti ya mtoto kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Kumwongezea miaka ili "isisumbue" ndilo kosa linalogharimu zaidi katika shughuli hii yote, kwa sababu mfumo utamhesabu kuwa mtu mzima: matangazo ya watu wazima, video za watu wazima, na hakuna usimamizi wa mzazi. Mtoto wa miaka 13 au zaidi ambaye tayari ana akaunti anaweza kuwekewa usimamizi, lakini lazima akubali mwenyewe kwenye simu yake. Ongea naye kwanza. Ukimnyang'anya simu na kubofya kwa niaba yake, siku ya pili atafungua akaunti nyingine kwenye simu ya rafiki.

Sasa chukua simu ya mtoto. Ondoa akaunti zilizomo, ingiza ya mtoto, na pale itakapodai uthibitisho wa mzazi andika nenosiri lako wewe. Mtoto asiangalie. Utaonyeshwa orodha ya programu zilizomo kwenye simu, uchague zipi zibaki. Zima bila huruma: michezo iliyokuja na simu, vivinjari vya ziada, programu za "habari" zinazojaza skrini vichwa vya udaku.

Baada ya hapo kuna vipengele vitano, na mpangilio wake una maana.

Upakuaji. Weka kwamba kila programu mpya iombe idhini yako. Ujue mipaka yake: programu uliyowahi kuikubali ikifutwa na kurudishwa haitaomba tena, wala kuisasisha hakuombi.

Programu za nje ya Play Store. Hakikisha usakinishaji kutoka vyanzo visivyojulikana umezimwa. Huku kwetu mlango huu ni mpana kuliko Play Store yenyewe, maana watoto hurushiana michezo kwa Xender bila kutumia hata megabaiti moja ya bando. Faili iliyopita njia hiyo haijui lolote kuhusu ukadiriaji wa umri uliouweka.

Kivinjari. Kwenye Chrome una chaguo tatu: kuruhusu tovuti zote, kujaribu kuzuia tovuti za ngono, au kuruhusu zile tu ulizozikubali. Kwa mtoto wa chini ya miaka tisa chagua ya tatu na uongeze tovuti tano au sita anazozihitaji. Kwa mkubwa chagua ya pili, ukijua kwamba kichujio hukosea, huku na huku. Ila kichujio hiki ni cha Chrome pekee. Opera Mini haikijui kabisa, na Opera Mini imo kwenye simu nyingi kwa sababu inabana bando. Izuie kwenye orodha ya programu, la sivyo kazi yote ya Chrome ni bure.

Muda. Kuna kikomo cha siku nzima, kuna saa za kupumzika ambapo simu hujifunga, na kuna kikomo cha programu moja moja. Wengi huanza na kikomo cha siku nzima kikali mno, dakika 45, halafu kila jioni wanaongeza kwa maombi hadi kikomo kinakosa maana. Afadhali kikomo cha siku kiwe kipana, tuseme saa mbili siku za shule na tatu Jumamosi, kisha ubane TikTok au mchezo fulani kwa dakika 30. Saa za kupumzika ziweke kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye simu za saa 24 hiyo ni 20:30 hadi 6:00, na hapa ndipo wazazi hukosea: wanaandika 2:30 na simu inajifunga saa nane na nusu. Programu ya Simu, ya ujumbe na ile ya masomo zipe ruhusa ya kudumu, ili mtoto aweze kukupigia hata simu ikiwa imejifunga.

Mahali. Itakuonyesha alipo ikiwa simu imewaka, ina mtandao na kipengele cha mahali kimewashwa. Bando likiisha, unachokiona ni mahali simu ilipokuwa mara ya mwisho. Angalia saa iliyoandikwa pale kabla hujaanza kuhangaika.

Vizuizi visiposhika

Dalili ya kawaida ni hii: umebadilisha muda kwenye simu yako na kwa mtoto hakuna kilichobadilika. Mabadiliko husafiri kwa intaneti. Vizuizi vilivyokwishafika hubaki vikifanya kazi hata simu ikiwa haina bando, lakini vipya husubiri. Ukitaka kumfungulia mtoto ambaye hana mtandao, Family Link yako ina msimbo wa mzazi wa tarakimu chache, unaobadilika kila baada ya muda. Msomee kwa simu, auandike kwenye skrini iliyojifunga.

Kama mtandao upo na bado hakuna kinachofika, mtuhumu betri. Simu nyingi za bei nafuu huua programu zinazofanya kazi chinichini ili chaji idumu, na Family Link ni mojawapo ya zinazouawa. Kwenye simu ya mtoto nenda Mipangilio, Programu, Family Link, Betri, uchague isiwekewe vizuizi. Hapohapo ruhusu itumie data chinichini, na uondoe kiokoa data. Angalia pia kwamba tarehe na saa vinajipanga vyenyewe.

Simu ya wote

Hapa kuna zana tatu, na kila moja ina tundu lake.

Ya kwanza ni kubandika programu, yaani kuifanya simu ibaki kwenye programu moja tu, inayofaa pale mtoto anapotaka katuni kwa nusu saa. Nenda Mipangilio, Usalama, Kubandika programu, uiwashe, na uwashe pia kipengele cha kudai PIN kabla ya kubandua. Bila hicho cha pili, mtoto wa miaka minne atabandua kwa bahati tu. Kisha fungua programu unayotaka, ingia kwenye orodha ya programu za karibuni, gusa nembo ya programu hiyo, chagua Bandika. Tundu lake: ndani ya YouTube bado yumo kwenye akaunti yako, na kesho utapendekezewa nyimbo za alfabeti hadi uchoke. Tumia YouTube Kids kama inapatikana kwenye simu yako.

Ya pili ni kumfungulia mtoto nafasi yake kama mtumiaji wa pili: Mipangilio, Mfumo, Watumiaji. Hii ndiyo bora kwa nyumba yenye simu moja, kwa sababu picha, WhatsApp na programu zako hazionekani upande wa mtoto. Kwenye menyu ya mtumiaji huyo kuna kipengele cha kumruhusu apige simu na kuona SMS. Usikiwashe. Upande wa SMS ndiko ziliko jumbe za M-Pesa, Airtel Money na misimbo ya benki. Ila simu za Samsung hazina kipengele hiki, ni tableti zao tu zilizo nacho, na simu yenye RAM ya GB 2 itakuwa nzito kama mkokoteni wa mawe. Kumbuka pia kwamba mtumiaji yeyote anaweza kusasisha programu kwa niaba ya wote.

Ya tatu ni vidhibiti vya wazazi ndani ya Play Store: picha ya wasifu, Mipangilio, Familia, Vidhibiti vya wazazi. Weka PIN ya tarakimu nne, kisha chagua umri wa juu wa programu na michezo. PIN hiyo isiwe ile ya M-Pesa wala mwaka wa kuzaliwa wa mtoto yeyote nyumbani. Vidhibiti hivi huzuia upakuaji mpya pekee, kwenye simu hiyo pekee. Havigusi kilichokwisha kusakinishwa, havigusi YouTube wala Chrome. Na mtoto mjanja anaweza kuvifuta kwa kuingia Mipangilio, Programu, Play Store, Hifadhi, na kufuta data. Dawa yake ni kufuli ya programu, ambayo Tecno, Infinix na Xiaomi nyingi huja nayo: ifunge programu ya Mipangilio yenyewe.

Ukiwa bado Play Store, ingia sehemu ya malipo uweke uthibitisho kwa kila ununuzi, si kila baada ya dakika 30. Nchini Kenya M-Pesa huweza kuunganishwa na Play Store, na almasi za mchezo hazionekani kuwa pesa kwa mtoto wa miaka kumi. Idhini ya ununuzi ya Family Link nayo inahusu malipo yanayopita mfumo wa Google Play tu. Mtoto anayeijua PIN yako ya pesa atanunua kwingine. Ukimtuma alipe kwa Lipa Namba au Till, PIN iandike mwenyewe.

Ruhusa za programu

Ruhusa ni suala tofauti na vizuizi. Kizuizi humzuia mtoto. Ruhusa huizuia programu. Simu inaweza kuwa na Family Link iliyopangwa vizuri na bado mchezo wa kupaka rangi ukawa unasikiliza sebuleni.

Kagua kwa ruhusa, usikague kwa programu. Nenda Mipangilio, Faragha, Kidhibiti cha ruhusa, ufungue Maikrofoni na usome majina yote yaliyoruhusiwa. Kisha Kamera, Mahali, Anwani, SMS. Njia hii humchomoa mhalifu haraka, maana tochi au kikokotoo kinachotaka namba za watu huonekana mara moja katikati ya WhatsApp na programu ya Simu.

SMS ndiyo ruhusa ya kushika kwa mkono wa chuma. Iwe ya programu ya ujumbe, na programu ya kifedha unayoiamini, basi. Anayesoma SMS anasoma salio lako na misimbo ya kuingilia akaunti. Anwani ziwe za programu za mawasiliano. Mahali chagua "Ruhusu tu wakati unatumia programu", chaguo lililopo tangu Android 10. Kuanzia Android 12 unaweza pia kuipa programu mahali pa kukadiria badala ya pale hasa ulipo. Android 11 ilileta ruhusa ya mara moja tu, nzuri kwa programu unayoijaribu. Kuanzia Android 12 nukta ya kijani juu ya skrini huonyesha kwamba kamera au maikrofoni inatumika wakati huo. Mfundishe mtoto kuitambua.

Programu za mikopo zina neno lake. Tangu 31 Mei 2023 Google hairuhusu programu za mikopo binafsi kwenye Play Store kuchukua namba za watu wala picha kutoka kwenye simu. Kwa hiyo programu ya mkopo inayodai Anwani ama imetoka nje ya Play Store ama inavunja kanuni. Ifute.

Kisha ingia Mipangilio, Programu, Ufikiaji maalum. Hapa ndipo penye sumu, na hapakaguliwi. Angalia nani amepewa kusoma arifa, nani anaweza kuonekana juu ya programu nyingine, nani anaweza kusakinisha programu nyingine, nani ni msimamizi wa kifaa. Kando ya hapo, angalia pia menyu ya Ufikivu, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu: huduma iliyowashwa humo inaweza kusoma kila kilichoandikwa kwenye skrini na kubofya kwa niaba yako, na ndiyo njia inayopendwa na programu za wizi wa benki. Kama hakuna mtu nyumbani anayetumia kisoma skrini, orodha hiyo iwe tupu.

Ukikaza sana, kitu kitavunjika. WhatsApp ikipiga simu bila sauti, umeinyima maikrofoni. Na kuanzia Android 11, ukikataa ruhusa ileile mara mbili programu haiulizi tena. Watu hudhani imeharibika na kuisakinisha upya. Irudishe kwa mkono: Mipangilio, Programu, jina lake, Ruhusa.

Ndani ya programu zenyewe

Family Link haioni kinachozungumzwa ndani ya WhatsApp wala TikTok. WhatsApp na TikTok zote hutaka mtumiaji awe na miaka 13. Akishafika, kwenye WhatsApp weka kwamba ni watu walio kwenye anwani zake tu wanaoweza kumwingiza kwenye vikundi, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na fungua Vifaa vilivyounganishwa uone kama kuna kompyuta au simu ngeni inayosoma jumbe zake. Kwenye TikTok tumia kipengele cha kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto. Mzazi atahitaji akaunti yake mwenyewe.

Mtu asiyefahamika akianza kumwomba mtoto picha au kumtisha, usifute mazungumzo kwa hasira. Piga picha za skrini zenye namba au jina la akaunti, ndipo umzuie. Namba 116 ni simu ya msaada kwa watoto Kenya, Tanzania na Uganda.

Simu inapohama mkono

Kaka akipata simu mpya, ya zamani hushuka kwa mdogo wake au huuzwa. Kabla haijatoka, kwenye Family Link ondoa kifaa hicho kwenye akaunti ya mtoto. Kisha kwenye simu yenyewe ondoa akaunti zote za Google, toa laini na kadi ya kumbukumbu, na ufute kila kitu kupitia Mipangilio, Mfumo, Chaguo za kubadilisha upya. Iwashe mara moja uone kama inaomba akaunti ya zamani. Isipoomba, mpe mdogo, na uanze naye upya kwa akaunti yake mwenyewe yenye tarehe yake ya kuzaliwa, hata kama ile ya kaka yake ilikuwa imepangwa vizuri.